Leo Umebeba Nini?

Kitaji, Musoma
Jumatano, jioni

Mwanangu Nyanjura,

Ningekuuliza hali yako, lakini naijua, maana kutoka hapa nilipo nakusikia ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anataka ulibebe, wewe unasema Dar es Salaam ni joto. Mimi nipo nje, ndani ya lori, nimeegemeza karatasi kwenye usukani. Ukichungulia dirishani utadhani natengeneza taa. Niache niandike kabla giza halijaingia, kwa sababu haya ninayotaka kukwambia nimejaribu kuyasema mezani tangu Jumapili, na kila mara nimeishia kuomba chumvi.

Habari za kula, kulala, chandarua na watu wa kuwaepuka mama yako amekwisha kukupa, na kesho mlangoni atakupa tena zote tangu mwanzo. Hapo sina cha kuongeza. Mimi nataka kuzungumzia lile neno lako la Jumapili.

Madereva wenzangu walikuja na kuku na kreti ya soda kukupongeza kwa kuchaguliwa kwenda kusomea kazi ya forodha. Walikula, wakacheka, na mmoja akasema, "Sasa tumepata mtoto getini. Tutakuwa tunapitaga tu." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Wewe hukucheka. Walipoondoka ulikusanya vyombo, ukasimama na sinia mkononi, ukaniambia, "Baba, kama ni kupita, tafuta mpaka mwingine. Usije ukapita kwenye geti langu." Mama yako alikugombeza. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaza nati za magurudumu ambazo nilikuwa nimezikaza asubuhi.

Nilikasirika, sikufichi. Lakini hasira yangu haina pumzi ndefu, ilipoisha nikabaki na swali, na swali kwangu ni kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Huyu mtoto anadhani nilikuwa nabeba nini miaka yote hii? Nimekulea kwa usukani huu, umesoma kwa usukani huu, na bado unadhani baba yako ni mtu wa kupitisha vitu kwa mlango wa nyuma. Nikawa najiuliza umelipata wapi wazo hilo. Ndipo nikakumbuka kwamba uliwahi kuniuliza. Uliniuliza mara nyingi sana, na mimi sikukujibu hata mara moja.

Sijui kama unakumbuka vizuri. Ulikuwa hujaanza shule. Ukisikia lori linakata kona pale kwenye bomba la maji, unaacha chochote ulichokuwa unafanya, unakimbia, unapanda ngazi ya mlango wangu na kuning'inia kwenye kitasa. Watoto wa madereva wengine walikuwa wanauliza zawadi. Wewe ulikuwa unauliza, "Baba, leo umebeba nini?" Nakujibu, "Mzigo." Unasema, "Mzigo wa nini?" Nakujibu, "Mzigo wa watu." Basi unashuka, unazunguka nyuma, unaweka pua kwenye turubai na kunusa, halafu unakwenda kumtangazia mama yako kwamba baba amebeba vitunguu, au baba amebeba matairi mapya. Mara nyingi ulikuwa umepatia kabisa. Nami najifanya sijasikia, nanawa uso na kuomba chai.

Umekulia katika maduka yaliyojaa, kwa hiyo inabidi nikueleze miaka ile ilivyokuwa. Sabuni ilikuwa ikitafutwa kama mtu aliyepotea. Sukari, mafuta ya kupikia, kanga, betri za redio, vyote hivyo vilikuwa ni mambo ya kunong'ona. Mtu akionekana na sabuni mpya alitakiwa kueleza ameitoa wapi, na kulikuwa na mgambo waliopita nyumba kwa nyumba kutazama uvunguni. Wengine walikuwa wajanja, hawakuuliza wakubwa. Waliwauliza watoto, kwa sauti tamu, baba ameleta nini. Kule Kigera tulikokuwa tunapanga kabla ya kuhamia hapa, mtoto wa jirani alisema baba ameleta sukari. Ni kweli alikuwa ameleta, ya harusi ya mdogo wake, na harusi ilifungwa bwana yule akiwa mahabusu. Tangu hapo kila nyumba ilijifunza kufunga mdomo mbele ya watoto wake. Ndiyo maana nilikuwa nakujibu mzigo.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili utaicheka, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua badala ya kukwambia kwa mdomo. Mara nyingi sana nilikuwa sijui.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua, umelirithi kwangu hilo. Bibi yako kule Murangi alikuwa akinifukuza mwaloni kwa sababu kila kapu la samaki likishushwa mtumbwini nilikuwa wa kwanza kulifunua, na mara moja kamongo aliyedhaniwa amekufa alining'ata kidole mbele ya watu. Nilipoanza kuendesha, nilibeba pamba ya ushirika kwenda kuchambuliwa Bunda. Pamba haina siri, kila mtu anaiona ikidondoka barabarani. Baadaye lori la ushirika likapandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, nikakaa nyumbani. Kisha mpaka wa Kenya uliokuwa umefungwa ukafunguliwa, na serikali ikaruhusu wenye uwezo walete bidhaa, na tajiri mmoja wa Bunda akanipa lori lake niwe naenda Kisumu na kurudi. Akanipa na utingo, marehemu Mafuru, unayemkumbuka kwa kofia yake ya sufu. Mafuru alikuwa mkubwa kwangu kwa umri na alikuwa ameijua njia ile tangu kabla mpaka haujafungwa.

Mafuru ndiye aliyenifundisha sheria ya madereva wa mpakani. Siku ya kwanza aliniona nachungulia boksi, akanishika mkono. "Baba Nyanjura," alisema, "huku hatuulizagi. Usipojua, hakuna wa kukufunga." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mwenye mali anapakia, dereva anageuza uso. Karatasi zinakuja ndani ya bahasha, dereva hafungui bahasha. Ukifika mpakani mkaguzi akakuuliza, unasema hujui, na kwa kuwa kweli hujui, uso wako unakuwa mweupe na sauti haitetemeki. Madereva hodari walijivunia kutojua. Walikuwepo waliofika Musoma na gari limepakia mpaka juu na hawawezi kukwambia kama ni chumvi au simenti. Mimi ilinisumbua kama njaa. Naendesha siku nzima nikisikia kitu kinagonga nyuma, kinagonga, kinagonga, na najikataza hata kukisia.

Sasa nikueleze siku moja.

Tulikuwa Kisumu tunapakia mafuta ya kupikia, mablanketi na tyubu za baiskeli. Mwishoni yakaja maboksi meupe, mepesi, yamefungwa kwa kamba. Mwenye ghala mwenyewe alikuja nayo na akaanza kunieleza. "Dereva, haya maboksi," alisema, na mimi nikainua mkono kumzuia. Nikamwambia mzee, yaandike kwenye karatasi, mimi nabebaga tu. Alinitazama, akashangaa kidogo, akayaandika. Maboksi yakapangwa juu kabisa, mbele, nyuma ya kabini, turubai likafungwa na tukaondoka usiku. Nilijiona dereva aliyekomaa.

Upande wa Kenya tulipita bila shida. Upande wetu foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa la kuunguza. Huruhusiwi kufungua turubai kabla mkaguzi hajaja, maana watasema umechomoa kitu, kwa hiyo mnakaa tu chini ya gari na kusogea kidogo kidogo. Nikiwa nimelala kwenye kivuli cha gurudumu niliona tone la maji linadondoka nyuma ya kabini. Likadondoka la pili. Mafuru naye aliliona.

"Kuna maji," akasema.

"Dumu lako linavuja."

"Dumu langu ndilo nimelalia."

Tukatazamana. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye akili, na mimi nilikuwa mtu wa kufunua makapu, na wote wawili tukafumba macho tukaendelea kulala. Matone yakazidi mpaka chini pakawa na tope. Mpaka leo nikikumbuka lile tope najishangaa.

Mkaguzi aliyefika kwetu alikuwa mama mmoja wa Tanga, mfupi, mwenye mtandio, ambaye madereva walimwita Mama Bambo, kwa sababu hakuachana na bambo lake, ule mchuma wenye ncha wanaochomea magunia kujua kilichomo. Tulimwogopa. Wakaguzi wengine walitazama karatasi, yeye alitazama mzigo. Alinisalimia kwanza, akaniuliza habari za safari, kisha akauliza nimebeba nini.

"Mzigo, mama."

"Mzigo wa nini?"

"Sijuagi, mama. Mimi nabebaga tu."

"Umetoka nao wapi?"

"Kisumu."

"Basi wewe umekaa na mgeni mgongoni tangu Kisumu na hujamuuliza jina?"

Aliyasema kwa ile sauti ya watu wa Tanga, ya pole na ya kuchoma. Hakungoja jibu. Alikuwa ameona tope. Akaenda nyuma ya kabini, akakinga kiganja chini ya tone, akayanusa maji yale, akagusa turubai kwa nje. Akasema lina baridi. Akaamuru lifunguliwe na akapanda mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini, akasimama juu ya mablanketi na kusoma maandishi ya kwenye boksi. Kisha akanitazama kutoka kule juu.

"Hii ni chanjo ya ng'ombe," akasema. "Imeandikwa isiguswe na jua. Barafu yake yote inakuishia hapa." Kisha akaniuliza, "Ulikuwa hutaki kujua?"

Nyanjura, nimewahi kutukanwa na askari, na matajiri, na hata na mchungaji mmoja niliyemrushia vumbi. Hakuna lililoniingia kama lile swali, kwa sababu hakuliuliza kwa kunikejeli. Alitaka kujua kweli. Nikamjibu kweli.

"Nilitaka, mama. Nilitaka sana."

Aliteremsha maboksi kwa mikono yake akisaidiana na Mafuru, wakayaweka ukumbini mwa ofisi kivulini na kuyafunika magunia yaliyoloweshwa maji. Halafu, na hapa usikilize vizuri, hakuniachia nipite hivi hivi. Alisema gari lote litakaguliwa, lakini litakaguliwa sasa, kabla ya wengine. Foleni nzima ikaanza kunung'unika. Wakasema huyu ametoa kitu kidogo. Mama Bambo akawaendea akawaambia kilichokuwamo, basi. Na wale wale waliokuwa wamenuna wakaja mmoja mmoja, kwa sababu hakuna dereva wa Mara asiye na ng'ombe kwao, hata kama ni ndama mmoja anayelishwa na shemeji. Walipanda wakashusha mzigo wangu, wakaupanga chini, mama akachoma, akafungua, akahesabu mpaka blanketi la mwisho, wakaupakia tena. Sijawahi kuona ukaguzi mkali uliokwenda haraka namna ile. Nilipokuwa natoka alinikabidhi bahasha yangu, akaniambia sasa unajua, kwa hiyo endesha kama mtu anayejua.

Niliendesha hivyo. Wakati ule daraja la Kirumi lilikuwa halijaisha, mto tulikuwa tunavuka kwa pantoni, na pale napo palikuwa na magari yanasubiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya njia ile niliteremka nikawaambia watu nilichobeba. Wakanisogeza mbele. Nikastaajabu jinsi lilivyo jambo jepesi, mtu kusema tu alicho nacho.

Bahasha ilisema maboksi yanakwenda kijiji kimoja upande wa Butiama. Kawaida ningeyashusha Makutano na watu wa mifugo wangeyafuata pale. Sikuyashusha. Nilikata kona nikayapeleka mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuona yanakoishia. Hebu fikiri, nilikuwa nimebeba mizigo kwa miaka na sijawahi kuona hata mmoja ukifunguliwa na mwenyewe. Niliwakuta wafugaji wamekusanya ng'ombe tangu jana yake, wamejenga njia nyembamba ya miti ya kuwabania, vumbi limejaa, wanaume wamechoka, bwana mifugo amekonda kwa wasiwasi. Alifungua boksi la kwanza, akatia mkono, akagusa barafu iliyobaki, akafumba macho. Chupa zenyewe zilikuwa ndogo kama za dawa ya macho. Nilicheka peke yangu. Lori zima, tani zote zile, na kilichosubiriwa na kijiji kizima kingeenea ndani ya kapu la bibi yako.

Nilikaa pale nikitazama mpaka ng'ombe wa mwisho. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekuja na ng'ombe wake mmoja amemfunga kamba, anamsemesha njia nzima. Alipomaliza akapita nilipokuwa nimesimama na kuniuliza kama mimi ndiye niliyekuja na gari. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Ulitubebea nini humo, mwanangu?" Nikamwambia, "Chanjo, mama. Ya ng'ombe wenu." Akanishukuru, akaendelea na ng'ombe wake. Niliona fahari ambayo sijui niieleze vipi. Nilipanda garini nikiimba, Mafuru akaniuliza kama nimekunywa.

Sasa ndipo linapokuja kosa langu, na si lile la maboksi, maana lile lilitengenezwa. Jioni ile nilifika hapa Kitaji. Ulisikia lori, ukaja mbio, ukaning'inia kwenye kitasa. Ukasema, "Baba, leo umebeba nini?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Tangu Butiama nilikuwa najisemea jinsi nitakavyokusimulia, tone la maji, yule mama wa Tanga, pantoni, chupa ndogo, ng'ombe wa kamba. Halafu nikainua macho nikaona uani mama yako ameketi na mke wa mgambo, wanachambua dagaa. Nikasema, "Mzigo."

Ilikuwa chanjo ya ng'ombe, Nyanjura. Hakuna mgambo duniani ambaye angenikamata kwa chanjo ya ng'ombe. Ulimi ulikuwa umezoea tu. Wewe ukaniangalia, hukuuliza mzigo wa nini, hukuzunguka nyuma kunusa. Ulishuka ukaenda zako. Ulikuwa umeanza kukua. Siku chache baadaye nilirudi na hukuja mbio, nikadhani umelala. Kumbe ulikuwa umeacha kuuliza, na mimi sikuona, kwa sababu mtu haoni kitu kisichokuja. Niliona Jumapili hii, uliposimama na lile sinia. Mtoto ambaye kila siku anajibiwa mzigo atahitimisha mwenyewe kwamba ndani kuna jambo la kuficha. Mimi ndiye niliyekufundisha kunishuku. Linaniuma, na ninakuomba radhi.

Kwa hiyo wacha nikujibu sasa, ingawa nimechelewa na giza linaingia. Baada ya siku ile niliacha sheria ya Mafuru. Nilianza kuuliza kila kitu, mpaka wenzangu wakanipa jina la Bwana Forodha, nadhani ndiyo sababu walicheka sana Jumapili. Nimebeba sabuni na mafuta, ndiyo, na vyote vilikuwa kwenye karatasi, isipokuwa mche mmoja mmoja wa sabuni ya nyumbani ambao kila dereva aliufunga ndani ya shuka lake, na huo ulikuogesha wewe. Nimebeba kiti cha daktari wa meno cha hospitali moja ya misheni. Kilikuwa wazi, bila boksi, na tulipokuwa tunasubiri pantoni mimi na Mafuru tulikikalia kwa zamu tukaegemea nyuma kama mabwana, mpaka wauza samaki wakaja na wao kuomba kuketi. Nimebeba mitumba iliyokuwa na glovu nzito za sufu, mamia ya glovu za mikono ya watoto, na mpaka leo najiuliza ni nchi gani hiyo ambayo mikono ya watoto inahitaji nguo. Viwanda vya samaki vilipokuja nilibeba minofu ya sangara kwenye barafu, na hapo nilikuwa mwalimu wa barafu, hakuna tone lililonipita. Nimebeba mabondo yake yaliyokaushwa, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki. Nilimuuliza kila mtu yanakwenda kufanya nini. Mmoja akasema ni supu ya matajiri wa mbali, mwingine akasema yanasafishia pombe, mwingine akasema ni nyuzi za kushonea wagonjwa. Ukipata jibu la kweli huko chuoni niandikie, nimelisubiri muda mrefu.

Na kuna mengine nataka kukuuliza, kwa sababu wewe unakwenda kukaa upande ambao mimi sijawahi kukaa. Mnatuonaje kutoka dirishani? Mnamjuaje anayedanganya? Sisi tunadhani mnatazama macho, lakini Mama Bambo aliwahi kuniambia yeye hutazama springi za gari kwanza, kisha miguu ya dereva. Nilimuuliza pia kwa nini anahangaika kupanda juu wakati wenzake wanamaliza kazi kwenye karatasi. Alisema, "Mimi nikiona turubai nataka kujua. Kodi inafuata baadaye." Mkifunga ofisi jioni mnazungumza nini juu yetu? Je, kuna mtu anayewaambia wakaguzi asante? Sijawahi kumwambia yule mama. Alihamishwa kabla sijapata ujasiri.

Kwa upande wetu naweza kukwambia kidogo. Yule unayemwambia afungue turubai amelifunga kwa mikono yake na kamba imemchubua, na huenda amelala chini ya gari tangu juzi. Salamu inamtosha sana. Watakuja watakaokusemesha kilugha ili uone ni ndugu, waitikie, mimi nafurahi ukiitikia kilugha, kisha wakague. Na atakuja dereva atakayekwambia hajui alichobeba. Watakufundisha kwamba huyo ni mwongo. Inawezekana anasema kweli kabisa, inawezekana amejizuia kwa nguvu zake zote asijue, na kuna kitu kinayeyuka mgongoni mwake. Mpandie garini, mama yangu. Muulize kwa sababu unataka kujua, atasikia tofauti.

Umesema nisipite kwenye geti lako. Nimelifikiri na jibu langu ni kwamba nitapita. Popote watakapokupeleka, nitatafuta mzigo wa kwenda huko. Nitakaa foleni kama wengine, sitakusemesha kilugha, na wale wenzangu wa Jumapili nitawaambia mwenyewe, kabla hujafika, kwamba hakuna cha kupitaga tu. Kama utaratibu haukuruhusu kumkagua baba yako, mwite mwenzako anichome magunia yote, wewe simama pembeni usikilize. Nitafungua turubai mwenyewe.

Lakini huko ni mbali, na kesho ni karibu. Mama yako alidhani utakwenda Bunda kwa basi la asubuhi. Nimemwambia hapana, nakupeleka mwenyewe kwa lori, halafu pale utapanda gari la Mwanza uwahi treni. Nimeshapakia tangu mchana, wewe ulikuwa ndani unapiga pasi. Turubai limefungwa, na kilichomo nakijua chote, mpaka cha chini kabisa. Sitakiandika hapa.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome kabla hujalala. Kesho utapanda kwa mlango wa upande wako, umekuwa mkubwa, hutaning'inia kwenye kitasa. Mimi nitakuwa nimeshika funguo na sitawasha gari. Nitakaa nikitazama mbele na kungoja, hata kama utachelewa gari la Mwanza. Niulize.

Baba yako